Makao Yetu Mombasa



Kila ikaribiapo likizo ya skuli, jamaa na marafiki huniuliza ni hoteli ipi iliyo nzuri Mombasa, kwa kuwa wajua kwamba nimewapeleka watu wangu huko zaidi ya mara moja. Nami huwajibu kwa swali: "Mnakwenda na nani?" Wako waliochukizwa na swali hilo, wakadhani nawapeleleza mambo ya nyumbani mwao. Basi leo nimeona bora nieleze sababu yake, ijapokuwa katika kueleza itanilazimu kutaja jambo ambalo si fahari kwangu kulitaja.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alimwoa akamchukua Nairobi, na huko ndiko tulikozaliwa sisi sote. Mama aliishi bara zaidi ya miaka hamsini, lakini hata siku moja sikumsikia akisema "kwetu" akikusudia Nairobi. Alikuwa akirudi pwani kwa harusi na kwa matanga. Kisha ndugu yake wa mwisho akafariki, magoti yake nayo yakaanza kumsumbua, na safari zikakatika.

Mwaka 2018 nalipata fedha kidogo zilizozidi mahitaji ya nyumba. Nalinuia kumpeleka mama kwao, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu, tukae siku chache kando ya bahari. Nia ilikuwa njema. Lakini nia njema na akili ni vitu viwili, na siku ile nalipokaa kuchagua hoteli nalikuwa na kimoja tu kati ya hivyo.

Nalichagua kwa picha. Nalionyeshwa bwawa la maji ya buluu, minazi imeinama juu yake, na dirisha la orofa ya tatu lililofunguka juu ya bahari yote. Bei yake ilikuwa ile inayojumlisha kila kitu, yaani malazi, chakula na vinywaji, nami nalifurahi kwamba sitatoa tena mkono mfukoni. Na nikiri hapa: nalipenda pia kwamba wenzangu kazini wangeuliza tumefikia wapi, nami ningelitaja jina la hoteli ile.

Twaliondoka Nairobi Jumamosi moja ya Agosti, kwa gari moshi jipya lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mama alikaa dirishani njia nzima. Alipoiona Voi alianza kututajia stesheni za zamani moja baada ya moja, kama alivyozijua kwa baba. Jambo moja lilimshangaza: gari lililokuwa likiingia hata ndani ya kisiwa, siku hizi humaliza safari yake Miritini, nje ya mji. Basi hapo hatuna budi kukodi motokaa. Dereva akaniuliza: "Mwaenda kisiwani, au ng'ambo ya Nyali, au ng'ambo ya Likoni?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mgeni ingempasa ajiulize kabla hajatoa hata senti moja. Mombasa ni kisiwa. Mji wa Kale uko kisiwani, na huko bahari ipo lakini ufuko wa mchanga wa kuogea hakuna. Fuko za Nyali, Bamburi na Shanzu ziko bara ya kaskazini, nawe huzifikia kwa kupita daraja la Nyali. Fuko za kusini waweza kuzifikia kwa kuvuka feri ya Likoni, kisha kuna mwendo mrefu hata kufika Diani, nayo imo katika kaunti ya Kwale. Watu wengi husema "tumepanga hoteli Mombasa", wakaja kugundua kwamba wamepanga Diani, na kwamba kila wakitaka kumtazama shangazi yao Mji wa Kale huenda wakasubiri feri pamoja na malori. Sikusema Diani ni mahali pabaya. Ufuko wake ni mzuri mno. Lakini mtu na ajue anakwenda upande gani wa maji.

Sisi hoteli yetu ilikuwa ng'ambo ya kaskazini. Jina lake sitalitaja. Haikutudhulumu, ilitupa kila ilichotuahidi katika picha, na kosa lilikuwa langu mimi niliyezipenda picha hizo.

Twalipofika chumbani, mama aliomba kuonyeshwa Kibla. Kijana aliyetubebea mizigo, maskini, alinyosha mkono kuelekea dirishani, upande wa bahari, labda kwa kuona kwamba Makka iko ng'ambo ya maji. Mama alitabasamu. Akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa. Ukitaka kuelekea Makka, bahari iweke mkono wako wa kulia." Na kweli, ukitazama ramani, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Mombasa, na bahari iko mashariki. Akatandika msala wake kuelekea kabati la nguo, akasali. Siku zile zote alisali pale, kwa sababu mahali pa kusalia jamaa hapakuwapo, na msikiti uliokuwa karibu ulikuwa mbali kwa magoti yake. Wala hatukuwa na ruhusa ya kupunguza Sala, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi msafiri anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huhesabiwa kama mkaazi. Twaliingia Jumamosi kwa nia ya kutoka Alhamisi. Hesabu hiyo aliifanya mama. Mimi nalikuwa nimeisahau.

Usiku ule ndipo nalipojua ya kuwa chini ya dirisha letu zuri palikuwa na baraza ya ulevi. Muziki ulianza baada ya Isha ukaendelea hata usiku wa manane. Asubuhi kwenye meza ya chakula, mayai na nyama ya nguruwe vilikuwa vikikaangwa na mpishi mmoja, kwa mwiko mmoja. Mama alichukua mkate, paipai na chai ya rangi. Nalimwuliza kama apenda kitu kingine, akasema ameshiba. Siku ya pili lifti iliharibika, naye akawa hashuki ila mara moja kwa siku.

Mke wangu, ambaye katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu alikuwa hajapata kuingia baharini, alijishonea vazi la kuogea la heshima, lenye mikono mirefu na suruali. Alishuka nalo bwawani pamoja na binti zetu. Mlinzi wa bwawa akamzuia mbele ya watoto na mbele ya wageni, akamwambia kwamba vazi hilo halikubaliwi na kanuni za hoteli. Hakumtukana. Alisema kwa adabu, akaonyesha na kibao. Mke wangu alirudi chumbani, akavaa buibui lake, akakaa na mama. Nalipomwambia twende basi baharini, twalikuta saa nne asubuhi maji yamekwenda mbali kabisa, pamebaki mwani, mawe na vinyama vyenye miiba myeusi, na watoto wakalia kwamba bahari imekwisha.

Hapa nitaje jambo ambalo watu wa bara hatulijui, nalo lina faida kubwa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mombasa siku hizo za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi, na hujaa alasiri, na tena karibu na alfajiri. Nasi Waislamu tarehe za mwezi ziko vichwani mwetu. Kwa hiyo mwenye kujua leo ni mwezi ngapi aweza kukadiria, akiwa Nairobi kwake, kama watoto wake watakuta maji au watakuta mawe. Vilevile pepo. Kusi huvuma toka kama Aprili hata Septemba, na katika majira hayo mwani mwingi hutupwa ufukoni; mvua ya masika ikizidi mwezi wa Mei, baadhi ya mahoteli hufunga yakatengeneza vyumba. Kaskazi huvuma toka Desemba hata Machi, bahari ikatulia ikawa safi, lakini ndipo bei nazo hupanda, hasa mwisho wa Desemba. Mama aliyajua haya yote tangu utotoni. Hakuna aliyemwuliza.

Siku ya Jumatano nalimchukua mama kwenda Mji wa Kale kuwaona watu wake, kwa saa mbili tu, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha lipiwa hotelini. Binti wa marehemu mjomba wangu alimpokea kwa vigelegele, akamtandikia mkeka, akaleta samaki wa kupaka na wali wa nazi. Mama alikula. Akaongezewa, akala. Akaongezewa tena. Mwenyeji wetu alicheka, akamwuliza, "Shangazi, kwani huko hotelini hawakupi chakula?"

Mama akajibu, "Chakula kipo tele, mwanangu. Ni mimi tu sikuwa na njaa."

Mimi nalikuwa nimeshika tonge mkononi, nikalirudisha sahanini. Siku nne mama yangu alikuwa akiishi kwa mkate na matunda, nami niliyelipa fedha zote zile nalikuwa nikimwuliza kila asubuhi kama apenda kitu kingine, kisha nikiamini jibu lake kwa sababu lilinifaa.

Halikuisha hilo. Yule dada akatuambia kwamba Jumatatu alikuja hotelini kumtazama shangazi yake, na kikapu cha mahamri. Mlinzi wa lango akamwambia asiyekuwa mgeni wa hoteli haingii ila alipe kiingilio cha siku. Hakuwa na fedha hizo, wala hakutaka kutupigia simu asije akatuona haya. Akarudi na kikapu chake kwa matatu. Mama aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza pale mkekani. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza habari za watoto wa jirani.

Ndani ya motokaa wakati wa kurudi hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alisema tu kwamba safari nyingine, Mungu akipenda, angependa kulala mahali anaposikia adhana.

Wako watakaosema ningehama siku ile ile. Nalijaribu, fedha zilikuwa zimekwisha lipwa wala hazirudi. Na jambo hili la bei inayojumlisha kila kitu linanikera hata leo. Mtu asiyekunywa pombe hulipa sawasawa na anayekunywa, maana vileo vyote vimo ndani ya bei ile. Yale mapipa ya baraza lililomnyima mama usingizi, sehemu ya gharama yake nalilipa mimi. Sitoi fatwa, mimi si mtu wa fatwa; nasema tu kwamba tangu siku ile hulipia malazi mbali na chakula mbali, hata kama ni ghali zaidi.

Mwaka uliofuata, Desemba 2019, twalikwenda tena. Safari hii sikuanza na picha. Naliwakalisha mama na mke wangu sebuleni nikawauliza wao, mmoja mmoja, wanataka nini. Mke wangu alitaka kuoga baharini pasipo kutazamwa. Mama alitaka adhana, chumba cha chini, na watu wake waingie na kutoka. Watoto walitaka mchanga. Nami nalitaka gharama isizidi ya mwaka uliotangulia. Mtu aweza kuona kwamba hakuna hoteli moja iliyokusanya hayo yote.

Kwa hiyo twaligawa safari. Siku mbili za kwanza twalilala nyumba ya wageni Mji wa Kale, chumba cha mama kikiwa orofa ya chini, jambo nililolithibitisha kwa simu mara mbili. Wala nisiwadanganye: maji ya bomba yalikuwa na chumvi, ngazi za kwenda vyumba vyetu zilikuwa kama za mnara, na mwanangu wa kiume alilalamika kwamba tumefika Mombasa bila ya bahari. Nalimpeleka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaiteka mwaka 1698, na hapo akatulia kidogo kwa ajili ya mizinga. Jioni twalikwenda bustani ya Mama Ngina, iliyokuwa imekwisha tengenezwa upya mwaka ule ule, tukakaa karibu na mibuyu, tukala mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, huku meli zikiingia bandarini mbele yetu. Mama alipokea wageni toka asubuhi hata usiku. Sikupata kumwona akizungumza vile.

Siku ya tatu twalihamia nyumba ya kupanga kwa siku ng'ambo ya kaskazini, yenye vyumba vitatu na jiko lake, dakika chache kwa miguu kutoka ufukoni. Nalidhani nimetatua kila kitu, mpaka mke wangu aliponiuliza, "Umenitoa jikoni Nairobi uje unitie jikoni Mombasa?" Alikuwa na haki. Tukaafikiana kwamba jiko litakuwa la chai na la chakula cha mama, na vingine tutanunua: mahamri na mbaazi asubuhi, mchana kwa mama ntilie wa karibu, na Ijumaa biriani kutoka kwa yule dada wa Mji wa Kale, ambaye safari hii hakuna lango lililomzuia. Kwa wale ambao lazima wakae hotelini, ushauri wangu ni kwamba waulize juu ya jiko kabla ya kuuliza juu ya bwawa: nyama yatoka kwa nani, nguruwe hupikwa humo au la, na kama wana cheti cha halali, cheti hicho mwisho wake lini. Iko ofisi ya kutoa vyeti hivyo, Kenya Bureau of Halal Certification, na mwenye cheti kweli hakioni haya kukionyesha.

Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi, na siku moja nzima twalikaa ndani tukicheza karata. Lakini siku zile ulikuwa mwezi mpevu wa Mfunguo Saba, na usiku mama akatuambia, "Kesho mkisali Alfajiri teremkeni mara moja. Maji mtayakuta, na watu hamtawakuta."

Twaliteremka kukiwa bado na kiza chepesi. Mama alibebewa kiti cha plastiki akawekwa mchangani. Ufuko wote ulikuwa na wavuvi wawili kwa mbali, wanashughulika na ngalawa yao. Mimi na mwanangu wa kiume twalikwenda upande wa pili, tukawapa mgongo. Nikasikia ukelele wa mke wangu wimbi la kwanza lilipompiga, nikageuka kwa hofu, nikamkuta anacheka, maji yamemfika kifuani, na binti zetu wamemning'inia mikononi. Vazi lake lilikuwa lile lile lililozuiwa bwawani. Mama alikuwa akiwapigia kelele wasipite pale penye mawe, na bahari ikiwa mkono wake wa kulia.

Mama alifariki mwaka 2021.

Likizo hii binti yangu mkubwa ndiye anayeandaa safari, kwa kuwa bibi mzaa mama yake naye ataka kuiona bahari. Juzi nalimsikia akipiga simu kwenye hoteli moja. Aliuliza chumba cha chini kipo au hakipo. Aliuliza vazi gani linakubaliwa bwawani, na muziki hupigwa upande gani na huisha saa ngapi. Kisha akauliza, "Na jamaa zetu wa Mji wa Kale wakija kututazama, mtawafungulia lango?" Aliyekuwa upande wa pili alikawia kujibu, kisha akaeleza maneno mengi. Binti yangu akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, akalikata jina la hoteli ile kwa kalamu, akaanza kutafuta nambari ya iliyofuata.